Hati ya Mapambo na Kadi ya Arusi

Msimu wa arusi ukikaribia kila familia hutaka kadi yake ya mwaliko ipendeze, na mpiga chapa naye huwa na dawa moja tu: hati ya mapambo, ile yenye mikia inayojikunja kama moshi wa udi. Ni hati nzuri, wala hatuikatai. Lakini hebu fikiria mwaliko wa arusi ya Pemba ulioandikwa wote kwa hati hiyo. Mgeni anatazama jina la kijiji: je, ni Mtambwe au Mtambile? Katika mikunjo ile, herufi w hufanana mno na i na l zilizofuatana. Mtambwe iko kaskazini, upande wa Wete. Mtambile iko kusini, upande wa Mkoani. Shangazi aliyevuka bahari kutoka Dar es Salaam, zawadi mkononi, atateremka kwenye kijiji kisicho chake, na huko kwenye arusi ndoa imekwishafungwa.

Walioibuni hati ya namna hii walijua mipaka yake. Chukua ile iitwayo Snell Roundhand, aliyoisanifu Mwingereza Matthew Carter katika miaka ya 1960 kwa kufuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa London wa zama za kalamu ya unyoya. Herufi zake ndogo hushikana mikono. Herufi kubwa kazi yake ni kuanzia neno tu. Ukiandika jina zima la bibi arusi kwa herufi kubwa za hati hiyo, hupati jina, bali kichaka.

Mzee aliyepita chuoni hahitaji kuambiwa haya. Waandishi wa hati za Kiarabu tangu zamani waliweka thuluthi, yenye madaha, kwenye vichwa vya habari, na naskhi, iliyo nyepesi kusomeka, kwenye maneno yenyewe. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yamechongwa kwa mapambo yanayomshinda msomaji wa kawaida. Lakini jiwe lile halikuwekwa kumwelekeza mtu pilau inaliwa saa ngapi! Na kanga je? Maua na rangi ni juu ya kitambaa. Jina lake huchapwa kwa herufi nene zilizosimama wima, hata jirani alisome toka ng’ambo ya njia.

Basi majina ya maarusi yapambwe, yawe makubwa, yaachiwe nafasi ya kupumua. Siku, saa, kijiji na namba ya simu viandikwe kwa herufi za kawaida. Tena uangalie fotokopi: mistari ile myembamba kama unywele hupotea kwanza. Kabla ya kulipia kadi mia mbili, omba moja ya majaribio, umpe bibi mzaa baba aisome jioni kwa mwanga wa taa ya barazani. Akikwama penye jina la kijiji, irudishe kwa mpiga chapa.