Mashine za Kuandikia na Mkataba Wetu



Wengi wetu hapa Mautuma twadhani habari za mashine za kuandikia ni za makarani tu. Sivyo. Mshahara wako, likizo yako na malipo ya saa za ziada vyakaa katika karatasi, na karatasi hiyo imepita kwenye mashine.

Kampuni ya Remington ya Marekani, waliokuwa wakitengeneza bunduki na cherehani, walianza kuuza mashine ya chapa mwaka 1874. Iliandika herufi kubwa tupu, tena mpigaji hakuona anachoandika. Mwaka 1964 IBM walileta mashine iliyoweka maneno katika utepe wa sumaku, barua ikapigwa tena bila mtu kuanza upya. Mwaka 1976 Wang walionyesha maandishi kwenye kioo, na mwaka 1983 Microsoft wakatoa Word. Kiswahili nacho hakikuachwa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yenye maagizo ya Kiswahili. Katika ofisi nyingi kazi ya mpiga chapa ilikwisha, lakini habari hiyo ni ndefu, yataka siku yake.

Waliokata stensili wanajua taabu yake. Ukikosa herufi moja wapaka dawa, wangoja ikauke, wapiga tena. Lakini kosa liliacha alama. Mtu akibadili "siku 30" kuwa "siku 20" katika karatasi ya taipu, kovu laonekana. Katika kompyuta neno moja laondoka, lingine laingia, na mistari yajipanga yenyewe kama kwamba hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa tawi: mkataba ukiisha kupigwa chapa kwa mara ya mwisho, usomwe upya kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, pande zote mbili zikiwapo. Kila ukurasa utiwe sahihi, si ule wa mwisho peke yake. Nakala moja ya karatasi ikae chini ya kufuli ya chama. Asiyejua Kiingereza asomewe kwa Kiswahili, wala asionewe haya. Tena programu hizi zaweza kuonyesha kila mahali palipobadilishwa. Mwajiri akituletea rasimu, aombwe aache alama hizo wazi.

Vijana wetu waliomaliza shule wanaijua kazi hii. Twaomba wawili watatu wajitolee Jumamosi kuwafundisha wazee wa kamati.