Mabaharia wa Kiyemeni wa South Shields

Mji wa South Shields umekaa mahali mto Tyne unapomwagika katika Bahari ya Kaskazini, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Una ufuko mpana wa mchanga, una gati refu la mawe lililomalizika mwaka 1895, na una upepo ambao hata mwezi wa Julai hauoni haya kumtetemesha mgeni. Wenyeji wake hutaniwa na majirani kwa jina la "wacheza ngoma mchangani". Wapo wasemao kwamba jina hilo limetokana na ufuko huo. Wapo wasemao kwamba limetokana na Waarabu waliohamia mjini humo. Hayo ya pili ndiyo tunayotaka kuwasimulia wasomaji wetu wiki hii, kwa sababu kila South Shields inapotajwa miongoni mwa Waislamu, hutajwa ziara ya Muhammad Ali peke yake, utadhani mji huo haukuwa na Muislamu kabla yake.

Waingereza waliiteka Aden mwaka 1839. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, bandari hiyo ikawa kituo kikubwa cha meli za moshi kujaza makaa ya mawe. Vijana wa Kiyemeni walishuka kutoka milimani kutafuta riziki, wakapata kazi ambayo wengi waliikimbia: kukaa chini kabisa ya meli, koleo mkononi, wakilisha matanuri makaa mchana na usiku. Hawa si Washihiri tuliowazoea katika maduka ya pwani yetu. Washihiri asili yao ni Hadhramaut, na hawa wengi wao walitoka nyanda za juu, upande wa Taiz na majirani zake.

Kuanzia miaka ya 1890 meli ziliwafikisha mto Tyne, kwenye nchi yenyewe yanakochimbwa makaa hayo. Wakafungua nyumba za kulala mabaharia katika mitaa ya Holborn na Laygate. Mwenye nyumba, naye Myemeni, hakuwa mtoza kodi tu. Alimlisha kwa mkopo aliyekosa meli, akamshughulikia apate kazi, akamwekea akiba yake, akahakikisha nyama iliyo chunguni ni ya halali. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, katika mji ambao mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa baba na mama.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja, mamia ya mabaharia hao walizama na meli za Uingereza. Walionusurika walirudi wakakuta fadhila zimesahauliwa upesi. Mwezi wa Februari 1919, vita vimekwisha miezi 3 tu, Wayemeni waliokwisha kulipa ada ya chama cha mabaharia walikataliwa nafasi ya kazi, na ugomvi ukalipuka hapo Mill Dam, penye ofisi za kuajiri. Mwaka 1925 ikatoka amri ya kuwaandikisha mabaharia wasio weupe kama wageni, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha kuwa ni raia wa Uingereza. Na mtoto aliyezaliwa kijijini milimani angeitoa wapi hati ya kuzaliwa? Mwezi wa Agosti 1930 Mill Dam pakaanguka tena fujo, safari hii kwa sababu ya utaratibu mpya wa zamu za kazi uliowabana wao. Baadhi yao walifungwa, kisha wakafukuzwa nchini.

Lakini historia ya mji huu haikukaa bandarini tu; nusu yake ilikaa jikoni. Wanaume hawa walikuja bila wanawake wa kwao, wakaoa mabinti wa mji. Magazeti ya wakati ule yaliziandika ndoa hizo kwa ubaya, na wapo mabinti waliokatwa na jamaa zao. Juu ya hayo, sheria ya Uingereza ilimvua mwanamke uraia wake akiolewa na mgeni asiye raia, na haikuondolewa kabisa hadi mwaka 1948. Binti aliyezaliwa South Shields, ambaye hajawahi kuvuka bahari, aliweza kuwa mgeni katika mtaa aliozaliwa mama yake.

Mume naye yuko safarini kwa miezi. Mwanamke aliyesilimu juzi ndiye aliyebaki na watoto, awafundishe dini ambayo yeye mwenyewe bado anajifunza. Sisi tunaolelewa na bibi, shangazi na ustadhi wa mtaa, tukae tulipime hilo.

Mwaka 1936 alifika Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi, Myemeni wa tarika ya Alawiya ya Algeria, tawi la Shadhiliya ambayo watu wa Ngazija na Kilwa hawahitaji kuelezwa. Aliyaona mahitaji hayo mara moja. Alifungua zawiya katika nyumba iliyokuwa kilabu cha pombe, akaanzisha masomo ya Qur'ani kwa watoto, na hakuwasahau mama zao: nao waliwekewa darasa lao. Siku za Idi Waislamu walitoka kwa maandamano mitaani, watoto wamevaa mavazi ya Kiarabu, majirani wakitazama. Baadaye Sheikh alihamia Cardiff, akatoa huko gazeti la Kiarabu la kuupinga utawala wa Imamu wa Yemen. Alifariki Aden mwaka 1954. Allah amrehemu.

Mjini humo pia pana ngome ya Warumi iitwayo Arbeia, jina ambalo wataalamu wengine hulihusisha na Waarabu, kwa kuwa waliwahi kuwekwa hapo wanamaji kutoka mto Tigris. Katika jumba lake la makumbusho limo jiwe la kaburi la Regina, mwanamke mwenyeji wa Britania aliyefariki akiwa na miaka 30. Mumewe, Barates, mtu wa Palmyra katika nchi ya Sham, aliliandikisha kwa Kilatini, kisha chini akaongeza mstari kwa lugha ya kwao. Baharia wa Laygate angemwelewa.

Meli zilipoacha makaa zikatumia mafuta, kazi ya koleo ilikwisha, na wengi wakahamia miji ya viwanda. Waliobaki waliupata msikiti wao wa Al-Azhar, Laygate, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndipo, mwezi wa Julai 1977, akaja Muhammad Ali, bingwa yule aliyemwangusha Foreman pale Kinshasa. Fundi rangi wa huko Tyneside ndiye aliyemwalika, asaidie kuchangisha fedha za vilabu vya vijana. Alipitishwa mitaani katika basi lililo wazi juu, maelfu wakamlaki, na ndoa yake na Veronica ikaombewa baraka katika msikiti huo wa mabaharia.

Mwaka 2008 mtengeneza filamu Tina Gharavi alipowatafuta wazee wa kizazi cha kwanza, aliwapata 14. Picha zao, zilizopigwa na Mmisri Youssef Nabil na kupakwa rangi kwa mkono, zilitundikwa katika jumba la sanaa la Baltic, Gateshead, maili chache juu ya mto uleule waliouingia wakiwa vijana.