Utando wa Seli za Haidrojeni na Swali la Umeme wa Akiba Vijijini

Kata ya Nyanungu, wilayani Tarime mkoani Mara, ipo karibu na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa vijiji vya pembezoni kama vya kata hiyo, mjadala wa nishati umeingia hatua mpya. Serikali imekwishatangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme. Linalobaki ni uhakika wa huduma: umeme unapokatika, jokofu la chanjo la zahanati litaendeshwa na nini?

Majibu yaliyozoeleka ni jenereta ya dizeli au umeme wa jua wenye betri. Jibu la tatu, seli za haidrojeni, limeanza kusikika barani Afrika. Afrika Kusini ilizindua mfumo wa aina hiyo katika Shule ya Sekondari Poelano, eneo la Ventersdorp, mwaka 2018, na Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023.

Katika aina inayotumika zaidi, moyo wa seli hiyo ni utando mwembamba wa polima. Upande mmoja huingizwa haidrojeni, ambayo kichocheo cha platinamu huitenganisha kuwa protoni na elektroni. Utando huruhusu protoni pekee kupita. Elektroni hulazimika kuzunguka kwenye waya, na mzunguko huo ndio umeme. Upande wa pili, protoni na elektroni hukutana na oksijeni ya hewani, na kinachobaki ni maji na joto.

Ili utando upitishe protoni, polima huwekewa vikundi vya asidi ya salfoni, ambavyo huvuta maji na kufungua njia. Hapo ndipo ugumu ulipo. Vikundi vikiwa vichache, umeme hupungua. Vikizidi, utando hufyonza maji mengi, huvimba na kupoteza uimara. Ufumbuzi mmojawapo ni kufungamanisha minyororo ya polima, mfano wa nyuzi za wavu zinavyofungwa mafundo. Uvimbe hupungua na haidrojeni haivuji kwa urahisi. Hata hivyo, mafundo yakizidi, utando hukakamaa, hupasuka na kuzuia protoni.

Thomas Grubb wa kampuni ya General Electric alitumia polistirini yenye vikundi vya salfoni mwaka 1955, na chombo cha anga cha Gemini 5 kiliruka na seli za aina hiyo mwaka 1965. Tando hizo zilichakaa mapema, zikapisha Nafion ya kampuni ya DuPont, yenye florini, imara zaidi lakini ya gharama kubwa. Aidha, mwaka 2023 nchi 5 za Ulaya zilipendekeza kudhibiti kemikali za kundi hilo la florini kwa sababu hudumu muda mrefu katika mazingira. Ndiyo maana watafiti wamerejea kwenye polima zisizo na florini, zilizofungamanishwa, wakitafuta utando wa bei nafuu unaodumu.

Kwa mwananchi wa Nyanungu, maana yake ni kwamba teknolojia hii si ya kupuuzwa wala si ya kusubiriwa. Utando nafuu utapunguza bei ya seli, lakini hautaleta haidrojeni kijijini. Gesi hiyo sharti izalishwe, ihifadhiwe kwa usalama na kusafirishwa, kazi zinazodai mtambo, barabara na mafundi. Kwa jokofu moja la chanjo, umeme wa jua wenye betri unabaki njia rahisi zaidi kwa sasa.

Hivyo, mradi wowote wa haidrojeni utakaopendekezwa kwa huduma za jamii upimwe kwa maswali matatu: utando utadumu kwa saa ngapi za kazi, gesi itatoka wapi, na ni fundi yupi wa karibu ataweza kuubadilisha.