Siku ya Mwisho ya Mtalii Kericho: Ni Nani Amsimulie?

Siku ya mwisho ya safari ndefu ina uzito ambao siku za katikati hazina. Siku nyingine mtalii hukusanya. Siku ya mwisho hupanga alichokusanya. Ndipo anapoamua, akijua au asijue, nchi aliyoitembelea ilikuwa nchi ya namna gani na akifika kwao ataisimulia vipi. Makala haya yanadai kwamba katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet mgeni huachiwa uamuzi huo peke yake, kwa kuwa wenye lugha ya kumsimulia hawajitokezi. Miongoni mwa wasiojitokeza, wa kwanza kuulizwa ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Chukua mfano wa mgeni aliyetoka Ulaya kwa likizo ya wiki tatu au nne. Ameona pwani, ameona Amboseli, ameona nyumbu wa Maasai Mara. Kutoka Mara hupitia Mulot na Bomet, akafika Kaplong, akapita Litein na kuingia Kericho, akielekea Kisumu ambako ataabiri ndege ya kuanza safari ya kurudi kwao. Nyika iliyokauka humwachia vilima vya kijani vilivyokatwa vikawa sawa kama zulia, katika mwinuko wa takriban mita 2,000, na alasiri mvua humkuta huko kama ilivyo desturi ya Kericho. Hupiga picha, hununua pakiti ya majani, hunywa kikombe, hutia saini katika kitabu cha wageni, akaenda zake. Kericho imekuwa kwake mandhari ya kuagia.

Hapo ndipo ilipo hoja. Kitenzi talii katika Kiswahili hakina maana ya kupita tu. Kutalii ni kutembea mahali kwa kutazama na kuchunguza. Kwa mujibu wa lugha yenyewe, basi, aliyepiga picha ya shamba la chai bila kujua ni shamba la nani, na lilikuwa la nani kabla ya hapo, hajatalii, amepita. Hata hivyo si haki kumlaumu. Mgeni huchunguza kile ambacho mwenyeji amemfungulia mlango.

Na mlango huu una mengi nyuma yake. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kilimo kikubwa cha chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakiichungia mifugo na kuilima. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Madai ya ardhi hiyo hayajazikwa: mwaka 2022 yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyima kazi. Zulia lile la kijani, kwa hiyo, si mandhari tu. Ni kesi, ni mshahara, ni kaburi la babu wa mtu.

Yamkini msomaji atauliza: haya ni ya wanahistoria na wanasheria; Kiswahili kimeingiaje? Kimeingia kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha iliyoyaishi. Katika mashamba makubwa Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya walikutana safu kwa safu, na lugha iliyowawezesha kufanya kazi pamoja ilikuwa Kiswahili. Mtu akifika hapo husikia habari za majani mawili na chipukizi, za kikapu na mizani, na za bonasi inayosubiriwa na mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika kituo cha kununulia chai. Husikia pia neno mnyapara. Neno hili lilimtaja kiongozi wa wapagazi katika misafara iliyotoka bara kwenda pwani katika karne ya 19. Likaja kumtaja msimamizi wa vibarua shambani. Neno lenyewe limesafiri kuliko mtalii, na ndani yake mna historia ya kazi ya Afrika Mashariki nzima.

Haifai, hata hivyo, kukipamba Kiswahili kupita kiasi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi walioonekana kuwa wageni walishambuliwa katika mashamba hayo hayo ya chai, ilhali walikuwa wakizungumza lugha moja na majirani zao. Lugha ya kuagizana kazi haitoshi kuwa lugha ya kujuana. Kinachokosekana ni masimulizi: habari za maisha ya wachumaji na za waliohamishwa, zilizokusanywa, zikaandikwa na kusomwa. Kazi hiyo ni ya fasihi.

Wala si kazi ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani aliyemtumikia, akaandika habari za safari hiyo kwa Kiswahili. Zikatolewa katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Mswahili alikuwa mtazamaji, Ulaya ikawa kitu cha kutazamwa. Zaidi ya karne moja baadaye, habari za safari ni utanzu unaotajwa kwa nadra darasani, na Kiswahili kinachomfikia mtalii kimepunguzwa kikawa "jambo" na "hakuna matata". Lugha iliyowahi kuieleza Siberia imeridhika kuandikwa kwenye fulana.

Wapo watakaopinga kwamba mgeni amelipa nauli yake ili apumzike, na kwamba si adabu kumtwika huzuni za wenyeji siku anapofunga mizigo. Pingamizi hili lina uzito, lakini waliolijenga wamemdharau mgeni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halikuwa adhabu. Lilikuwa njia ya kumwingiza mgeni katika maisha ya nyumba. Aliyeelezwa ukweli ameheshimiwa kuliko aliyepewa tabasamu peke yake. Wengine watasema kwamba mtalii hajui Kiswahili. Ni kweli kwa Mwingereza, ingawa kwake masimulizi yanaweza kutafsiriwa, mradi yawepo ya kutafsiriwa. Si kweli kwa Mtanzania, kwa Mkongomani wa mashariki, wala kwa Mkenya wa Mombasa anayefika Kericho mara ya kwanza. Hao nao ni watalii, na wanaondoka bila kuambiwa lolote kwa lugha wanayoifahamu.

La kufanya halihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mahali pa kufanyia utafiti angeweza kwenda Konoin, Litein au Kapkatet badala ya kurudia hadithi za sungura zilizokwisha kukusanywa mara nyingi. Vyama vya Kiswahili vingeweza, kwa idhini ya wasimuliaji, kuchapisha kijitabu cha masimulizi hayo kitakachouzwa pale panapouzwa pakiti za majani. Chuo Kikuu cha Kabianga kimo katika nchi hiyo hiyo ya chai. Wanafunzi wake hawahitaji nauli kubwa kumfikia mchumaji. Wahadhiri nao waurejeshe utanzu wa safari katika mitaala, ili anayehitimu ajue kuitazama nchi yake na nchi za wengine.

Majani yanayochumwa Kericho hupelekwa Mombasa, ulipo mnada wa chai tangu mwaka 1969, kisha huvuka bahari. Mtalii naye huvuka na pakiti yake. Jioni moja kwao atachemsha maji, atamimina kikombe, na jirani atamwuliza kuhusu nchi ile. Jibu atakalolitoa litategemea aliyoambiwa siku ile ya mwisho, kama kulikuwa na mtu wa kumwambia.