Kamba Hukatikia Pabovu



Mahindi yamevunwa. Yameanikwa uani. Mvua ikija ghafla, tunakimbilia turubai. Turubai hilo hilo hutupa kivuli kwenye msiba na kwenye harusi. Lakini turubai bila kamba nzuri ni kama mlango bila komeo. Upepo wa hapa Masakta tunaujua. Haubishi hodi.

Sasa nakuuliza: kamba ya turubai iwe nene kiasi gani?

Wengi hujibu upesi, "Nene kabisa!" Mimi sikubaliani nao. Kamba nene kupita kiasi ni ghali. Haipiti katika tundu la turubai. Fundo lake halikazi. Kamba nyembamba kama uzi nayo ni mbaya. Hukata mkono, na hula tundu mpaka turubai linachanika. Tutafute kamba ya kadiri.

Tuhesabu kidogo. Turubai la mita 4 kwa mita 6 lina mita za mraba 24. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga uso kwa uso, hulisukuma kwa nguvu kama uzito wa kilo 150 hivi. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Sasa ni kilo 600, yaani magunia 6!

Kamba 8 zikigawana mzigo huo, kila moja hubeba kilo 75. Lakini hazigawani sawasawa. Kamba mbili au tatu za upande wa upepo huvutwa zaidi. Tena fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine kwa nusu. Kwa hiyo lazima tuweke akiba.

Haya ndiyo maoni yangu. Ukinunua kamba ya plastiki, ile ambayo wengi huiita manila, milimita 6 zinatosha. Unene huo ni mdogo kidogo kuliko wa penseli. Ukinunua katani, chukua ya milimita 10. Katani ya unene ule ule ina kama nusu tu ya nguvu ya plastiki.

Kama katani haipiti tunduni, usitoboe turubai. Weka kokoto laini kwenye pembe. Likunjie ndani ya turubai, kisha funga kamba nyuma ya kokoto. Haitachomoka.

Kila kamba ina ugonjwa wake. Katani ikilowa hufupika, ikang'oa vigingi. Mvua ikianza, ilegeze kidogo. Ikikaa na unyevu, huoza. Ianike kabla ya kuiweka. Kamba ya plastiki haiozi, lakini jua huila. Ikunje kwa vidole. Ikitoa unga au nyuzi zake zikikatika, usiitumie tena.

Wazee walisema kamba hukatikia pabovu. Hata kamba nene ikiwa na mahali palipolika pamoja, hapo ndipo itakapokatika. Kwa hiyo kabla ya kufunga, pitisha kamba yote mkononi. Tazama inaposuguana na mti au ukingo wa bati. Zungushia kitambaa mahali hapo. Kigingi nacho kiinamishe, kichwa chake kielekee mbali na turubai. Kamba imara kwenye kigingi kilicholegea ni kazi bure.

Pengine utasema, "Haya ni mambo madogo." Sivyo, ndugu yangu. Turubai likipeperushwa, mahindi hulowa. Mahindi yaliyolowa na kukaa na unyevu huota ukungu. Ukungu mwingine hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine walikufa kwa sababu ya sumu hiyo. Manyara ndio mkoa wetu. Kwa hiyo kamba ya turubai inalinda chakula cha watoto wetu.

Neno la mwisho. Usiku kamba haionekani. Funga kitambaa cheupe katikati ya kila kamba, watoto na wazee wasijikwae.

Leo ukifika nyumbani, itoe kamba yako. Ipime kwa penseli. Ipitishe mkononi. Ukikuta pabovu, pakate, uunge upya au ununue nyingine. Fanya hivyo leo, kabla upepo haujaja kukukagua.