Helmeti Wanakuambia, Sidiria Je?
Dada zangu, ukienda kujifunza kupanda farasi kule Karen, utaambiwa uvae helmeti na buti zenye kisigino. Ya kifuani hakuna anayegusia, ati ni aibu! Na farasi akianza kukimbia mdogo mdogo, kila hatua ni mdundo. Unaumia, unajikunja, unayumba kwenye tandiko. Wengine huacha hapo hapo wakidhani farasi si wao.

Mimi siamini mikanda ya mabegani. Kazi kubwa hufanywa na ule mkanda wa chini ya matiti. Kama una kifua kikubwa, tafuta sidiria ya michezo ambayo kila titi lina kikombe chake, si ile inayokandamiza yote pamoja. Toi ziko za mitumba, lakini mpira ukilegea achana nayo hata ukipewa bure. Na kabla hujalipa, ruka ruka hapo hapo. Muuzaji acheke tu.