Waya Umefika Pwani, Mitaani Je?

Haya jamani, leo tuzungumzie faiba.

Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja hapa Mombasa kuupokea TEAMS, waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, kule Emarati. Serikali ilishirikiana na makampuni ya simu kuuleta. Mwezi uliofuata SEACOM nao ukawashwa, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa watumwa wa setilaiti.

Tupige hesabu kidogo. Setilaiti iko juu kilomita kama 36,000. Ombi lipande lishuke, jibu lipande lishuke: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kabla sava haijafanya kazi. Kwa faiba, Mombasa hadi Fujairah na kurudi ni kilomita kama 10,000. Mwanga unazimaliza kwa sekunde 0.05 hivi. Sisi waandishi wa programu tunajua maana ya tofauti hiyo. Kwa hili serikali naipa heko yake.

Ila sasa sikilizeni. Mwaka 2022 serikali iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure. Namba nzuri, lakini kilomita ni kipimo cha mkandarasi. Mama muuza viazi karai wa Mji wa Kale anapima kwa bando: shilingi ngapi, na itafika jioni? Waya mkubwa unatua pwani yake, kisha unakwenda zake Nairobi na Kampala.

Kuna atakayesema tuongeze kwanza nyaya za baharini, maana hukatika. Kweli hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na bandari yetu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya nzima ikahisi. Lakini nyaya hizo sasa makampuni yanazileta yenyewe, kwa kuwa kuna faida. Kichochoro cha upana wa mkokoteni hakina faida ya haraka. Hapo ndipo kazi ya serikali ilipo.

Rai yangu ni hii: kila barabara ikifukuliwa kwa ajili ya maji au mtaro, kaunti ilaze humo bomba tupu la faiba, ilikodishe kwa kila kampuni kwa bei moja. Shimo moja, wapangaji wengi. Kwenye nyumba za kale zilizobanana, kuchimbachimba kila mara ni hasara na uharibifu. Bomba likiwa la wote, hata kampuni ndogo ya vijana wa mtaani itaweza kuuza intaneti, na bei itashuka kwa ushindani.

Basi akija mwanasiasa na kilomita zake, muulize: megabiti ngapi, kwa shilingi ngapi, kwenye nyumba ya nani?